Aya Zilizonyooka za Mpimaji

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema moyo umechoka. Nisipande ngazi, wala nisipandwe na hasira. Ngazi nimeziacha. Mengine naungama humu, maana safari yangu haiko mbali.

Naona wivu. Wa Mpimaji, jirani yangu, aliyepima viwanja vya watu maisha yake yote na sasa anajiona mwandishi! Leo tovuti ya chama chetu cha wastaafu imetoa makala yake mpya. Habari yenyewe: mbwa wake kameza soksi. Basi. Mke wangu kaisoma jikoni, kacheka mpaka akashika meza.

Nikamuuliza, na yangu je? Ile “Shukrani kwa Mke Wangu”, iliyo humo humo kwenye tovuti? Akasema, Mzee wangu, kila nikianza macho yananiuma, maneno yamekaa kama nguo zilizoangushwa na upepo.

Sitaki kingine kabla sijaondoka. Aisome mpaka mwisho. Kwa mdomo siwezi kumwambia.

Jumanne, 4 Machi
Nimeitazama “Shukrani” yangu kwenye simu ya mke. Aibu! Mstari mrefu, neno moja peke yake, mstari mrefu, neno moja. Kichwa cha habari kimesukumwa pembeni kama mtoto aliyeadhibiwa.

Nikampigia mke wa mwanangu, anayeshinda kwenye kompyuta. Akauliza, Baba, kwani kila mwisho wa mstari unabonyeza kitufe cha kushuka? Nikamwambia bila shaka! Usiposhuka unagonga ukingo wa karatasi. Na kichwa nakileta katikati kwa kuhesabu herufi na kugonga nafasi. Kisha, kwa upole wa kumwambia mtu habari za msiba, akasema hakuna karatasi, Baba. Maneno yanashuka yenyewe kufuata upana wa simu ya msomaji. Niyaache tu.

Nimemshukuru. Sikumwamini. Mimi nilifundisha taipureta chuo cha uhazili, nikatoa makatibu muhtasi kizazi kizima!

Jumatano, 5 Machi
Kwa nini nihangaike kupanda mimi, ikiwa naweza kumshusha yeye? Katibu wa chama alitupa wote neno la siri moja, kwa kuwa tunasahau. Kwa hiyo mlango wa Mpimaji ni mlango wangu.

Mke alipotoka kwenda dukani nikaingia kwenye habari ya mbwa. Nikapachika mistari mitupu kila baada ya sentensi. Pengine miwili. Leo hata dawa nimezinywa bila kubembelezwa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Wamemsifu kuliko mwanzo. Mmoja kaandika kwamba sasa hata asiye na miwani anasoma. Mwingine kasema zile nafasi zinampa muda wa kumaliza kucheka. Mke wangu kairudia, safari hii akakaa chini kabisa.

Mpimaji kajibu hajui imekuwaje, labda ni Katibu, Mungu ambariki. Katibu! Baraka zangu zimekwenda kwa mwingine, na siwezi kuzidai.

Ijumaa, 7 Machi
Mpimaji kaja kunijulia hali. Na machungwa. Mke akamwambia karibu Shemeji, mbwa hajambo? Akacheka kabla hajajibiwa. Nikafumba macho.

Nikamsikia Mpimaji akinong'ona kwamba ile “Shukrani” ni kitu kizito, imevurugika mpangilio tu, angependa kuomba ruhusa yangu ainyooshe. Mke akamwambia anyooshe tu, huyu ukimwuliza atakataa. Nikakoroma kwa nguvu zote kupinga. Wakapunguza sauti wasiniamshe.

Jumamosi, 8 Machi
Kainyoosha. Hakugusa neno langu hata moja. Kaondoa mashuko yangu ya mistari, aya zimekaa kama mipaka ya viwanja vyake.

Mke akavaa miwani, akakaa dirishani, akasoma. Mimi nyuma ya gazeti. Hakucheka. Alipofika nilipoandika kwamba miaka yote nilikawia kitandani kwa makusudi, nimsikie akiimba huku akichemsha maji, akaiweka simu mapajani. Kisha akaja, akanishika kichwa, akasema, kumbe ulikuwa unasikia, wewe mtu!

Nikamwambia gazeti la leo halina kitu.

Ningeweza kufa pale, nikiwa nimeridhika. Lakini akaongeza kwamba Shemeji ana mkono wa dhahabu, atamwokea keki.

Keki!

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi kaimba. Kwa sauti zaidi. Kisha akabeba keki kwenda kwa Mpimaji, akaniambia akirudi atampigia dada yake amsomee “Shukrani” yote.

Nikaitazama. Nzuri, ndiyo. Lakini kila aya inanuka Mpimaji. Dada mtu atasifu nini, maneno yangu au unyoofu wa jirani? Nikaingia. Nikashusha kila mstari kwa mkono wangu, nikahesabu herufi, nikakigongea kichwa nafasi zake. Nikahifadhi. Sasa ni yangu!

Mke karudi. Kampigia dada yake, kavaa miwani, kafungua. Akasoma mstari, akakwama. Akasoma mwingine, akakwama. Akamwomba dada radhi, akaniuliza nani kaiharibu tena.

Nikamwambia mimi nahisi keki haikumtosha Shemeji wako.