Dobi Alipofanywa Akili Mnemba

Redio ya Mama Kahawa haina kawaida ya kuleta habari njema, lakini ya jana alasiri ilimlenga mtu mmoja tu. Msomaji wa habari alisema kampuni fulani imewaachisha kazi watu wote waliokuwa wakizijaribu programu zake za kompyuta kabla hazijafika kwa wateja, na kazi hiyo imekabidhiwa akili mnemba. Benchi zima la wanywa kahawa tukageuka kumtazama Kasoro.

Kasoro ndiyo kazi yake hiyo, kuzisumbua programu mpaka zitoe makosa yao. Ameizoea mno. Hata kahawa huagiza kwanza nusu kikombe, kisha vikombe elfu, aone Mama Kahawa ataharibikia wapi.

"Pole, jirani," alisema Fundi Viatu, huku akivuta uzi kwa meno. "Njoo nikufundishe kushona soli."

"Siendi kokote! Mimi nasoma. Muulize Mwanafunzi."

Mwanafunzi ndiye mimi. Tunahudhuria pamoja darasa la jioni la akili mnemba, tumekaa mbele kabisa na miwani yetu, na sijawahi kuingia mle bila dua. Nikathibitisha. Nikaongeza kwamba mkuu wake wa kazi atampigia simu alasiri hiyohiyo, asikie jinsi anavyoitumikisha akili mnemba. Akishindwa, Jumatatu asirudi ofisini.

"Na bado umekaa unakunywa?" Mama Kahawa akafoka. "Fungua hiyo mashine ufanye mazoezi!"

Kasoro akafungua simu yake. Bando limekwisha. Fundi Viatu, aliyeiazima simu hiyo asubuhi, akaanza kukichunguza kiatu kana kwamba hajapata kukiona.

"Niliiuliza hiyo akili mnemba swali moja tu," akasema.

"Swali gani la kumaliza bando zima?"

"Shemeji yangu ataondoka lini nyumbani kwangu. Ikasema inategemea. Basi nikaitumia video zake akiwa amelala kwenye kochi, ili ielewe uzito wa jambo."

"Fundi, umeniua!"

"Hajafa mtu hapa," akasema Mama Kahawa. "Tumtumie Dobi."

Tukamtazama Dobi, mfua nguo wa mtaa wetu, aliyekaa mwisho wa benchi.

"Sifa zote za akili mnemba anazo," akaendelea. "Hakuna siku amesema hajui. Ukimbana anaomba radhi vizuri mpaka unamhurumia, halafu anakuletea tena nguo ya mtu mwingine."

Dobi hakubisha. Alinyoosha shingo, akakodoa macho mbele na kusema kwa sauti laini, "Karibu. Nikusaidie nini leo?"

"Toba! Mashine yenyewe!" Fundi akapiga kelele.

Kasoro akakohoa, akakumbuka masomo. "Jaribu fomu ya kujisajili. Acha jina wazi. Weka umri usiowezekana. Bonyeza kitufe cha kutuma mara nyingi mfululizo."

"Ombi zuri sana! Nimeshajaribu. Yote yamepita."

"Umejaribu saa ngapi na hujainuka hapo?"

"Una haki kabisa ya kuuliza. Naomba radhi kwa mkanganyiko. Sasa nimejaribu upya, na yote yamepita vizuri zaidi."

Fundi alicheka mpaka nyundo ikamwangukia mguuni. Wakati anaruka na mguu mmoja, simu ikalia. Mkuu! Kasoro akaipokea kwa pupa, akabonyeza spika bila kukusudia.

"Kasoro, mashine iko tayari?"

"Karibu, mkuu," Dobi akamwahi. "Nikusaidie nini leo?"

"Ala! Inaongea! Tena Kiswahili safi! Hebu ijaribu sehemu ya umri kwenye programu yetu."

"Nimeshajaribu. Yote yamepita. Hongera kwa kazi nzuri."

"Kasoro, umefaulu, bwana!"

Mama Kahawa alijiziba mdomo kwa kanga. Fundi alikuwa akipunga kiatu: kubali, kubali! Mimi niliinamisha kichwa, nikamwomba Mungu aufunge ulimi wa rafiki yangu. Kisha nikatambua kwamba naombea uongo, nikaomba haraka aufungue.

"Mkuu, haijafaulu," akasema Kasoro.

"Unasemaje?"

"Inasema yamepita na haijagusa kitu. Ewe mashine, mtu mwenye umri chini ya sifuri ulimfanyaje?"

"Nimemsajili," akajibu Dobi. "Akizaliwa atakuta kila kitu tayari."

"Umemsikia, mkuu? Tena si mashine huyu. Ni dobi wa mtaani kwetu. Bando limeniishia."

Fundi akavua kofia, kama yuko mazikoni.

"Kasoro," mkuu akasema, sauti imeshuka. "Hii mashine tuliyoinunua hapa ofisini nayo inasema yote yamepita. Mwezi mzima sasa. Jana imemsajili mteja mwenye umri wa miaka mia nne, na programu ikampa punguzo la watoto. Wote hapa tunajua kuiagiza, hakuna aliyewahi kuiuliza imejaribu nini. Jumatatu njoo ukae nayo, uibane hivyohivyo."

"Nibaki na kazi yangu?"

"Ubaki! Na leo uanze kwa kuniambia huyo wa miaka mia nne nimjibuje, maana yuko mapokezi na mtoto wake anadai punguzo la wawili."

Simu ilipokatika, Mama Kahawa alipiga vigelegele, mimi nikashukuru kwa sauti, na Kasoro akaagiza kahawa, kikombe kimoja tu. Dobi peke yake alibaki amenyoosha shingo.

"Na mimi? Mkuu kasemaje kunihusu?"

"Wewe umeachishwa," akasema Fundi.

"Kabla sijaajiriwa?"

"Shukuru, umeingia kwenye historia. Kila mahali mashine zinawafukuza watu. Wewe ndiye mashine ya kwanza kufukuzwa na mtu."

Dobi akaondoka amenuna, anauliza njia nzima kama mashine zina chama cha wafanyakazi.