Hotuba za Kumlaza Coletha

Jumatatu, 6 Juni 1988. Shinyanga.

Mashine imefika! Daktari Valerian kaileta mwenyewe, kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Sanduku la kijivu, bomba refu, kinyago laini cha pua chenye mikanda. Binti yangu Coletha ana miaka sita. Akilala koo linaziba, pumzi inakatika. Jana usiku nilihesabu hadi kumi na nane kabla hajavuta nyingine. Kumi na nane! Na mimi nilikuwa nimebana pumzi ili kumuunga mkono.

Mashine itamsukumia hewa puani usiku kucha, koo libaki wazi. Mwezi ujao atapasuliwa mafindofindo Mwanza. Mpaka siku hiyo, kinyago. Daktari atarudi Jumapili asubuhi. Akikuta mtoto hajakikubali, mashine inakwenda kwa mgonjwa mwingine na Coletha analazwa wodini, peke yake, mbali na sisi. Kashauri twende taratibu: mtoto akichezee mchana kwanza, akizoee akiwa macho.

Nilimjibu kwamba taratibu ni falsafa ya makabaila. Mtoto ni raia. Raia huelimishwa!

Usiku nikamhutubia dakika arobaini juu ya historia ya hewa. Alisikiliza kwa adabu. Nilipomvalisha, alikivua akakitupa uvunguni. Mke wangu Salvina akasema labda ameogopa. Aogope nini? Nilikuwa sijamaliza utangulizi.

Jumanne, 7 Juni.

Mbinu mpya: kumnyemelea. Nikangoja alale, nikaenda kwa magoti, kinyago mkononi, gizani. Alifumbua macho nikiwa shubiri moja kutoka puani pake. Yowe! Jirani Ngassa alivuka ua na rungu, akauliza mwizi yuko wapi. Nilimwambia hapa hakuna mwizi, kuna sayansi. Akasema basi sayansi itembee wima.

Sasa Coletha akiniona tu anaziba pua kwa mikono miwili.

Salvina kampa ujumbe dereva wa lori la pamba: mama mkwe wangu aje haraka kutoka Nyarugusu. Sababu sikuelewa. Wanawake hutamani wageni wakati wa vita.

Jumatano, 8 Juni.

Jana baada ya rungu nilijaribu mfano wa kiongozi. Nikamketisha Coletha kwenye kigoda, nikalala kitandani kwake, nikavaa kinyago mwenyewe. Tazama, mwanangu, nikasema, baba haogopi.

Sikumbuki kilichofuata. Au nakumbuka sana. Nilikuwa tonge la pamba. Nilipanda juu ya kiwanda tunakochambulia pamba, juu ya reli, juu ya mbuga zote za Usukuma, na ng'ombe walikuwa weupe na wadogo kama punje za mchele. Hewa ilinibeba mgongoni ikinong'ona. Hakuna aliyenibishia. Hata mimi sikumbishia mtu. Nilishuka polepole kama vumbi linavyotua baada ya mifugo kupita.

Kufumbua macho, jua limetoka. Coletha alikuwa amelala kwa mama yake, bila kinyago. Salvina amekesha akimgeuza ubavu kila pumzi ilipokatika. Kasema walinitikisa mara tatu nikatabasamu tu. Macho yake mekundu. Sikumtazama sana.

Jioni mama mkwe akashuka kwenye lori. Bi Scolastika! Nikaruka nyuma ya nyumba, maana kwetu mkwe hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Nikamwamkia kutoka pembeni ya ukuta: mwadila, mayu, yaani za jioni, mama. Akaitikia, akamuuliza bintiye chumba cha mtoto ni kipi, akaweka mzigo wake humo. Kwisha! Anapolala mama mkwe, mkwe haingii. Nimefukuzwa na mila kwenye chumba nilichopaka chokaa kwa mkono wangu.

Alhamisi, 9 Juni.

Nimesikiliza kutoka barazani, mengine kanisimulia Salvina. Kashfa! Bibi amekaa uani mchana kweupe, kinyago puani, anapepeta mchele. Anamwita Coletha mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu, na anamringia. Eti kinyago hiki kapewa na babu, zawadi ya mke mkubwa. Eti wewe mke mdogo una kipua cha njiwa, kitakukaa wapi? Coletha akasema babu ananipenda mimi zaidi. Bibi akasema thubutu. Coletha akakinyakua, akakibandika puani, akazunguka ua akijitingisha kiuno.

Huu ni uongo mtupu juu ya vifaa vya tiba! Nikaandika barua ya pingamizi, kurasa tatu, nikampa Salvina apeleke. Jibu likaja kwa mdomo: mkwe apumzike.

Baadaye gunzi la mahindi limevalishwa kitambaa puani, linalazwa, linaimbiwa. Mwanasesere! Hapo ndipo elimu ilipofikia katika nyumba hii.

Ijumaa, 10 Juni.

Nimepata njia. Ukuta. Mila inakataza uso, haikatazi sauti. Nimeweka kiti nje, chini ya dirisha lao, nikahutubia saa nzima kuhusu mapafu. Ndani walikuwa wanacheka, nadhani kwa furaha ya kuelewa. Bibi alikuwa akimsuka mke mwenzake, na Salvina anasema mtoto alikaa na kinyago tangu msuko wa kwanza hadi wa mwisho, mashine ikivuma. Kwa hotuba moja! Siku nne nilikuwa nakosea tu mahali pa kukaa.

Nikaenda kupiga pasi shati la Jumapili. Pasi na mashine pamoja. Fyuzi ikalipuka. Giza! Mashine kimya. Nikakimbilia ukutani, nakiri. Nikasikia bibi akimwambia Coletha asivue, upepo umekwenda kuchota maji. Kisha akaanza kuvuma mwenyewe kwa midomo, vvvuu, vvvuu, na mtoto akavuma naye, mpaka Ngassa alipokuja na waya wa fyuzi. Bibi hakunitaja jina. Alisema tu yule mtu wa ukutani afichiwe pasi.

Jumamosi, 11 Juni, kuamkia Jumapili.

Usiku wa mwisho. Nimeandaa hotuba kubwa kuliko zote. Nilipofika kwenye mishipa ya damu kichwa kikaegemea ukuta. Ukuta ulikuwa na joto la mchana bado. Ndani, mashine ilivuma kama mvua iliyo mbali, inayonyesha kwa watu wengine. Sijui nililala lini.

Nilizinduka alfajiri, umande begani. Nikatega sikio. Pumzi moja. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, nyingine ikaja. Moja, mbili, nyingine. Sikuwahi kufika tatu. Nilihesabu mpaka jogoo wa Ngassa akaona aibu akanyamaza, na sikutaka kuacha.

Jumapili, 12 Juni.

Daktari Valerian amefika baada ya misa. Coletha kampokea na kinyago usoni, akamwonya asikiguse, ni cha mke wa babu. Usiku mzima hajakivua! Mashine inabaki. Wodi hakuna.

Daktari akauliza nani kafanikisha hili. Salvina alitazama pazia ambalo mama yake alikuwa nyuma yake. Nikaona ana haya kunisifu mbele ya mgeni, nikasimama mwenyewe. Nikamweleza daktari nadharia yangu ya sauti kupitia tofali. Alikohoa muda mrefu kwenye leso. Mtu msikivu sana. Kisha akaliuliza pazia kama bibi anaweza kubaki mpaka siku ya upasuaji.

Pazia likajibu atabaki.

Nimeguswa. Mama wa umri ule, na bado ana kiu ya maarifa. Kesho naanza mfululizo juu ya figo.