Bifu Langu na Devota wa Mlandege

Jumatatu, 3 Juni

Nimekataliwa! Sosthenes, mwandaaji wa tamasha la hip hop la Jumamosi pale Mlandege, Iringa, amesikiliza wimbo wangu kwa sekunde kumi na tano. Nilihesabu. Kasema mistari ninayo, jina sina. Nje ya Iyunga, huku Mbeya, hakuna anayemjua Eva Radi. Nikatafute kiki kwanza, watu wanizungumzie. Kiki! Mimi, mwenye shahada ya sosholojia! Nimelia kidogo. Nisipopanda jukwaa lile mwaka huu, nitakuwa karani wa mtu mpaka nizeeke.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umeiva. Bifu! Nitamchana kwenye wimbo Devota, rapa Mhehe anayependwa kuliko wote Iringa. Atakasirika, atanijibu, mashabiki watagombana, Sosthenes atanipigia magoti. Nimerekodi kwa Gideoni, kwenye studio yake ya trei za mayai ukutani. Nimesema Devota anarap kama mtu anayesoma matangazo ya misa ya pili. Nimegusa hata ile habari ya Wahehe kula mbwa. Gideoni alivua hedifoni, akaniuliza kama nina bima. Mama anadhani nilikuwa kwenye usaili.

Jumatano, 5 Juni

Wimbo umepigwa redioni Iringa! Nimesikiliza kwenye simu, blanketi kichwani. Mtangazaji akampigia Devota, akamuuliza amejisikiaje. Devota naye akauliza, huyo Eva Radi kwao anaitwa nani? Akaambiwa Eveline Komba. Akacheka. Kicheko kirefu, cha kukohoa. Komba? Kumbe Mngoni! Mtani wake huyo, matusi yake ni utani tu, aachwe aseme. Babu zake walikuja kupigana na Wahehe wakarudi bila viatu, uchungu haujawaisha. Mtangazaji naye akacheka. Wakaweka wimbo wa mtu mwingine.

Nimeduwaa. Unamtukana mtu, anafurahi!

Alhamisi, 6 Juni

Siamini ninachokiandika. Devota amekuja kwetu! Kapanda basi la alfajiri kutoka Iringa. Kaingia bila hodi, kamwamkia mama shikamoo mtani, kaomba chai, kasema amefuata faini ya matusi. Akaenda bandani, akamkamata jogoo wetu mwekundu, yule mwenye ukucha uliovunjika. Mama, badala ya kupiga kelele, akamtafutia kamba! Mtani hazuiliwi, alisema, awe Mhehe au Mbena. Halafu akageuka, akaniuliza: matusi gani?

Ikabidi aelezwe yote. Usaili, studio, mbwa. Akauliza chuoni miaka mitatu nilisoma nini. Utani wa makabila ulikuwemo, muhula wa pili. Nilipata A.

Akiwa mlangoni, jogoo kwapani, Devota akaniambia Jumamosi nije Mlandege. Ameshamwambia Sosthenes. Jukwaa! Basi bado naweza kumkasirisha.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikuja na mistari mipya, yenye sumu. Nikaimwaga mbele ya umati, macho kwa macho na Devota. Kila tusi, vifijo. Bibi mmoja mstari wa mbele alifuta machozi ya kicheko kwa kanga. Devota mwenyewe akawa ananichochea: ongeza, mtani, hapo hujafika! Niliongeza. Wakashangilia zaidi. Sijawahi kuumia hivi hadharani.

Nyuma ya jukwaa nikapewa ugali na paja la kuku. Nilitambua ule ukucha uliovunjika kwenye mguu uliowekwa pembeni ya sahani. Jogoo wetu! Nimekula, nilikuwa na njaa. Sosthenes akaja anacheka, akanipa mkono. Nirudi mwakani, kasema, kwenye kipengele cha vichekesho.

Vichekesho!

Jumapili, 9 Juni

Nimerudi Iyunga. Nimetafakari kwa kina, safari nzima. Kosa langu nimeliona: nilichagua mtu mchangamfu. Safari hii ni Lea, rapa wa Njombe. Mkali, hacheki hata kwenye picha. Huyo atakasirika tu. Nimemsomea mama ubeti wa kwanza. Akauliza huyo Lea ni kabila gani. Nikamwambia Mbena, ila kwenye sanaa kabila halina nafasi.

Mama hakusema kitu. Ametoka uani kumficha jogoo aliyebaki.