Nuksi ya Besiboli Darasa la Tano

Jumatatu, 5 Mei
Mkuu wa shule, Bi Kowalczyk, kaniita. Ijumaa anakuja mwenyewe kuwauliza watoto hesabu. Wakibabaika, darasa langu anapewa Bi Haverkamp, yule wa kufundisha hesabu kwa punje za maharage, nami nikasimamie kantini. Kantini! Nisomee ualimu, niishie kufuta sosi ya nyanya mezani! Lakini bado sijashindwa. Watoto wa mji huu hesabu hawajui, besiboli wanaijua. Basi kila hesabu itakuwa besiboli.

Jumanne, 6 Mei
Maajabu! Mpigaji kagonga mipira mitatu katika kumi, ni asilimia ngapi? Mikono juu darasa zima. Josie, ambaye tangu Septemba jibu lake ni “sijui” tu, kapata zote. Haverkamp kachungulia mlangoni, kaniuliza kama na karanga za watazamaji uwanjani nauza pia. Wivu huo.

Jumatano, 7 Mei
Leo adabu za uwanjani. Soksi za bahati hazifuliwi. Na kubwa kuliko zote: mrushaji ambaye wapinzani hawajagonga hata mpira wake mmoja hasemeshwi, hasogelewi, na jambo lenyewe halitajwi mpaka mchezo uishe. Ukilitaja, umemtia nuksi. Wote wameapa. Nilijiona mwalimu kweli.

Ijumaa, 9 Mei
Nimekwisha.

Mkuu alimsimamisha Josie. Maswali tisa, yote kapata! Kabla ya la kumi, mkuu akamuuliza Tobin mwenzake amekosa mangapi. Tobin akatazama dari. Akamuuliza Marisol. Marisol akaziba mdomo kwa kofia. Wengine wakasogeza madawati, Josie akabaki peke yake kama mgonjwa wa surua. Mkuu akanigeukia mimi: mwalimu, hata wewe huwezi kuhesabu? Watoto wote macho kwangu. Ningesema nini? Nikatazama dari.

Basi akatangaza mwenyewe, kwa sauti: Josie hajakosa hata moja! Darasa likaguna. Swali la kumi lilikuwa nusu ya nane. Josie akaangua kilio, akasema hajui.

Jumamosi, 10 Mei
Darasa kapewa Haverkamp. Nimelala kutwa, sitaki kuona mtu. Nimemfikiria Josie, nikaona aibu.

Jioni nikagundua kosa langu. Juzi mke wangu alifua soksi zangu za bahati! Eti zilikuwa zinanuka. Jumatatu naanza kantini, na foleni ya chakula nitaifundisha hesabu kwa besiboli ileile. Soksi hizi zisiguswe na mtu.