Mgongo Uliokodiwa

Jumatatu, 3 Machi
Ghorofa ya juu imechukuliwa na watu wa filamu. Filamu yenyewe inahusu mwanamke anayeamka kila asubuhi akiwa mtu mwingine, mpaka anarukwa na akili. Walitafuta mtu mwenye mgongo kama wa mwigizaji wao. Wamenipata mimi. Mume wangu yuko kazini mbali, miezi minne sasa. Mtoto anaita kila kitu "baba", hata sufuria. "Mama" bado. Basi nimekubali. Ila nina mpango: kamera ikiwaka, nageuka. Baba mtoto akiniona atarudi mbio.

Jumanne, 4
Wigi ndefu, gauni jekundu. Nimegeuka mara sita. Mwongozaji kaniambia, dada yangu, tumekodi mgongo, uso umefuata nini? Wote wamecheka. Nami nimecheka, nikiwa nimewapa mgongo.

Jumatano, 5
Nimeshuka ngazi na wigi kichwani. Mama wa mlango wa pili, ambaye tangu nihamie huijibu salamu yangu kwa kufunga mlango, kanisimamisha. Kadhani mimi ndiye mwigizaji. Robo saa nzima kanisimulia goti lake, kaniita mwanangu. Sikumsahihisha. Mwenye njaa hana miiko, na mimi nina njaa ya maongezi.

Alhamisi, 6
Mwigizaji kaazima aproni yangu, ile yenye doa la maziwa. Leo yule mwanamke wa filamu ameamka akiwa mama wa kawaida. Nimekwenda kumchukua mtoto kwa dada wa vipodozi aliyenishikia, wigi sijavua. Mtoto kapiga yowe. Katambaa hadi kwenye aproni, kakumbatia miguu ya mwigizaji aliyeivaa. "Mama." Waziwazi kabisa. Miezi kumi na moja nalisubiri neno hilo. Mwongozaji kauliza kama mtoto anaweza kurudia.
Nimevua wigi, nimembeba, tumeshuka. Nimemwambia taratibu kwamba mama ni huyu, aniangalie vizuri. Kaniita baba.

Jumamosi, 8
Wamehama. Aproni wamerudisha. Wigi wamesahau, nami nimesahau kuwakumbusha. Mama wa mlango wa pili kaniuliza yule binti mwenye nywele kaenda wapi, maana ana adabu, si kama watu wengine wa humu. Nimemjibu yupo, kesho saa nne asubuhi atakuja kumjulia hali. Kafurahi. Kafunga mlango.
Nimeshapanga. Wigi kwa ajili ya jirani, aproni kwa ajili ya mtoto. Navaa vyote pamoja. Safari hii hakuna wa kushindwa kunitambua.