Daraja la Wibberley Limepita Bila Kupingwa

Mheshimiwa Kasisi wa parokia yetu na parokia nyingine sita anazozihudumia kwa baiskeli. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Akina Mama, mlezi wa jamu zote za kijiji. Mheshimiwa Nahodha wa timu yetu ya kriketi, ambayo mwaka huu imefungwa kwa heshima. Mheshimiwa mwenye baa ya Bata Watatu. Mheshimiwa Mshindi wa Boga Kubwa, na Mheshimiwa Mshindi wa Pili ambaye rufaa yake bado iko mezani. Bata wa kijito, wakubwa kwa wadogo. Mabibi na mabwana mliojipanga foleni ingawa hakuna kinachogawiwa: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Ni ya mtu mmoja, Bibi Muriel, mke wa msemaji, aliyemshikia mwavuli.)

Mimi, Lionel Garstang, Mwenyekiti wa Baraza la Parokia ya Nether Wibberley kwa awamu ya tano, nisiye na mpinzani kwa kuwa hakuna mwingine aliyejaza fomu, ninasimama mbele yenu katika siku hii ya kihistoria, chini ya mvua ambayo redio ilituahidi kuwa ni jua, ili kufungua rasmi Daraja la Waenda kwa Miguu la Kijito cha Wibb, matunda ya mchakato shirikishi, endelevu na mtambuka! (Reg Tuddenham, mfugaji wa kondoo: "Mtambuka! Na sisi tutatambuka lini?" Kicheko, kisha watu wanaangalia viatu vyao kwa aibu.)

Ndugu zangu, mtakumbuka mafuriko ya Februari yaliyosomba ule ubao wa kuvukia tuliorithi kwa babu zetu, yakawaacha wenzetu wa upande wa kinu cha kusagia nafaka bila kanisa, bila duka, na, Mungu atunusuru, bila baa. Katika wahanga hao namtaja kipekee Bi Dorcas Pask, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, ambaye namwona pale ng'ambo amesimama na maua yake. Mumewe, marehemu Ambrose, tulimzika Januari katika makaburi ya kanisa, hapa nyuma yangu. Kutoka kwa Bi Dorcas hadi hapa ni hatua arobaini kwa kuvuka kijito, na maili nne kwa kuzunguka barabara kuu, ambako basi lilifutwa kwa lengo la kuboresha huduma ya basi. Tangu Februari, kwa mujibu wa takwimu zangu, amefika kaburini mara tatu. (Bi Dorcas, kutoka ng'ambo: "Mbili, Lionel! Ya tatu nilirudi njiani, goti liligoma! Na nilikufundisha kuhesabu mimi mwenyewe, shule ya Jumapili!")

Asante, mama, takwimu zitahuishwa. Nilimshika mkono mlangoni pa kanisa, nikamwambia: "Mama, siku ya kuzaliwa ya Ambrose haitafika kabla hujavuka." Na siku yenyewe ndiyo leo! (Makofi ya Bibi Muriel, kwa mkono mmoja.)

Sasa niwaeleze sifa za daraja lenyewe, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi nimejisifu miaka ishirini na sijatia hata tone. Upembuzi yakinifu ulifanywa na Kamati Ndogo ya Daraja, ukapitiwa na Kamati Ndogo ya Kamati Ndogo. Wale majirani tisa walioandika barua kulalamika kwamba litaharibu mandhari, leo wapo, wametazama juu, wametazama chini, na wamekiri kwamba hawaoni kasoro. (Reg: "Hatuoni kasoro wala hatuoni kisicho kasoro!" Sauti ya mama mmoja: "Reg, acha ukorofi. Zuri sana, Mwenyekiti. Zuri kwa kweli.") Halikumsumbua chura hata mmoja. Halitelezi. Halihitaji rangi. Tangu likamilike mwezi Juni halijasababisha ajali yoyote, wakati ule ubao wa zamani ulituangushia makasisi wawili na piano!

Kwa mamlaka niliyopewa, nakata utepe! (Anaukata. Utepe, uliofungwa kwenye miti miwili ya ukingo wa huku huku, unaangukia majini na kwenda zake. Bata wanaufuata.) Na sasa namkaribisha Bi Dorcas Pask awe mtu wa kwanza kuvuka. Karibu, mama! (Bi Dorcas: "Navuka kwa lipi, Lionel? Daraja liko wapi?")

Swali zuri sana, na namshukuru muulizaji. Daraja lilipita, Bi Dorcas! Lilipita bila kupingwa, kura saba kwa sifuri! (Bi Dorcas: "Lilipita likaenda wapi? Maana hapa halikupita!")

Naomba utulivu. Wote mnajua utaratibu wa baraza letu: taarifa ikiwa ndefu haisomwi, mwenyekiti husema "ichukuliwe kuwa imesomwa," wajumbe wanaitika "naam," tunakunywa chai. Basi mwezi Machi taarifa ya daraja ikachukuliwa kuwa imesomwa. Aprili mchoro ukachukuliwa kuwa umechorwa. Mei mafundi wakachukuliwa kuwa wamefika. Na Juni, kikao kikiwa kirefu na biskuti za tangawizi zikiwa zimebaki mbili, daraja likachukuliwa kuwa limejengwa. Imo kwenye kumbukumbu, imetiwa sahihi!

(Bi Dorcas: "Haya. Basi na mimi nichukulieni kuwa nimeshalowa." Anavua viatu, anavifunga kamba, anavitundika shingoni.)

Bi Dorcas, hapana, hilo halimo kwenye ratiba! (Anaingia majini, maua ameyainua juu ya kichwa.) Ndugu wananchi, tusimtazame tafadhali, tuendelee na kaulimbiu! Nikisema "Wibberley," mseme "Tumevuka!" Wibberley! (Reg, naye yuko majini na suruali yake ya kanisani: "Nipe mkono, mama! Jiwe hilo linateleza! Kasisi, mshike huku!") Wibberley! (Kasisi: "Taratibu, Bi Dorcas, pumzika kidogo." Bi Dorcas: "Nipumzike nini, nimechelewa. Ambrose hakupenda kungojeshwa.")

Amefika! Naomba katibu aandike: waliojaribu kuvuka, mmoja, waliofika, mmoja, mafanikio, asilimia mia! (Hakuna makofi. Bi Dorcas anampita msemaji bila viatu, anatiririka maji. "Hujambo, Lionel," anasema, na kuelekea makaburini. Foleni nzima inageuka na kumfuata, kwa mpangilio.)

Kwa kumalizia, nawashukuru mafundi ambao hawakuitwa, mchoraji ambaye hakuchora, na mbao ambazo hadi sasa ni miti. Nalishukuru daraja lenyewe, ambalo kwa kutokuwepo hata siku moja, halitasombwa na mafuriko yoyote yajayo, na hiyo ndiyo maana halisi ya uendelevu! Mafuriko oyee! Yaani, daraja oyee!

(Bibi Muriel anaondoka. Anamfikia Bi Dorcas penye lango la makaburi na kumfunika mwavuli.)

Muriel? Muriel, mpenzi, mwavuli... Haya. Kwa kuwa nimebaki mimi na bata, naomba shukrani zangu zichukuliwe kuwa zimesikilizwa. Kuna anayepinga? (Bata mmoja anapinga.)

Imepita.