Nilivyofanywa Kijidudu Kanisani Kisian

Leo nimeaibika. Na mke mwenzangu alikuwa anatazama! Nawaandikia nyinyi wajukuu zangu mlio Nairobi mapema, kabla Mama Atieno hajaongeza chumvi. (Huyo ndiye mke mwenzangu. Chumvi anayo gunia zima.)

Akina mama wa kanisa letu hapa Kisian tulikuwa tunachagua mtu wa kutunza sanduku la dawa. Hilo sanduku nililitaka. Nani mwingine ana akili iliyotulia? Nikavaa leso mpya, nikakaa mbele.

Kwanza sista wa zahanati akatufundisha. Msichana mdogo, maneno mazito. Eti kuna vijidudu vinavyojua kuishinda dawa. Kimoja kinanyoosha kamrija, kinamvuta jirani, kinampa nakala ya huo ujuzi. Chenyewe kinabaki na wake.

"Hata kama si ukoo mmoja?" nikauliza.

"Hata kama si ukoo mmoja, Dani," akajibu, akiniita bibi kama mnavyoniita nyinyi.

"Bila kuombwa?"

"Bila kuombwa."

"Na sisi watu tunanyimana kiberiti!"

Wakacheka. Nikajiona nimeshalishika sanduku.

Sista akaendelea: dawa ya hospitali unaimaliza, na humgawii mtu. Ukiikatiza, vijidudu dhaifu vinakufa, vile vijuaji vinabaki kufundisha wengine. Nikasimama, nikawageukia wenzangu, kidole juu. "Mmesikia? Kwangu ujinga huo hauko!" (Mdomo huu!)

Sista akafurahi. "Basi Dani, njoo uwe kijidudu. Toa kitu chochote kidogo, umpitishie jirani. Hicho ndicho ujuzi wako."

Yawa! Ningekataaje? Nikafungua fundo la leso, nikijua nina pini. Zikamwagika tembe za rangi mbili, nyekundu na nyeusi, zile nilizopewa hospitali za kidonda cha mguu. (Mguu ulipoacha kuuma, zilizobaki nikaweka akiba. Mtu atupe kitu kizuri hivyo?)

Papo hapo Mama Pamela, kwa sauti ya kuuzia samaki: "Si hizo ndizo ulinipa niweke kwa maji ya kuku?"

"Mimi alinipa ya kikohozi!" akasema wa nyuma.

"Mimi ya jino!"

Hata mke wa mchungaji akainua mkono. Polepole, lakini akainua.

Sista akainama, akaokota tembe zangu moja moja. "Dani," akasema, kwa heshima zote, "wewe hata hukuhitaji kuigiza."

Waliokuwa wamekaa wakalala kwenye mabenchi kwa kicheko. Mmoja alitolewa nje akapate hewa. Mimi bado nimesimama pale mbele, fundo wazi, kijidudu mzima wa kanisa.

Sanduku wakampa Mama Atieno. Ufunguo ameuvaa shingoni, anapita nao mlangoni kwangu kila saa kama ng'ombe mwenye kengele.

Kichwa kinaniuma tangu mchana. Siendi kuomba dawa. Na atakayeicheka barua hii, Krismasi apikiwe na Mama Atieno.